Kiraka Pasipo Tundu

Ntamukunzi alirudi kutoka shule mapema, jua halijafika utosini. Alipita uani bila kumwamkia bibi yake, akautupa mkoba juu ya gunia la maharage. Bibi Epifania alikuwa ameketi chini, kisu mkononi, anamenya muhogo wa kuloweka. Alimtazama mara moja, kisha akarudisha macho kwenye muhogo wake. Alikuwa amelea watoto wa kutosha, na alijua kwamba mtoto aliyetupa mkoba haulizwi papo hapo. Huachwa kwanza anywe maji.

"Maji yamo mtungini," alisema.

"Sina kiu."

"Basi chukua kisu kingine. Muhogo huu haujimenyi wenyewe."

Msichana akachukua kisu, akaketi. Wakamenya, maganda yakirundikana kati yao, na kuku wakisogea kuangalia kama kuna cha kwao. Bibi aliona kwamba hata kwa hasira hiyo mjukuu wake alikuwa anajichagulia mihogo minene yenye vifundo, ile inayoumiza vidole vya wazee, na kumwachia yeye ile laini. Aliliona hilo akalitia moyoni.

"Bibi," Ntamukunzi akasema hatimaye, "jina langu nani alinipa?"

Kisu cha bibi kikasimama.

"Mimi."

"Si mama?"

"Mama yako alikuwa hoi kitandani. Nilikupa mimi, yeye akakubali."

"Mlikosa majina yote ya duniani, mkaona hilo ndilo linanifaa?"

Bibi alichukua muhogo mwingine. Kwa lugha ya nyumbani kwao, Ntamukunzi maana yake ni asiye na wa kumpenda. Kila mtu pale kijijini Murungu aliijua maana hiyo, na hakuna aliyeijali, kwa sababu jina likishazoeleka masikioni huwa ni la kuitia tu, mtu aje ale.

"Umenisikia, Bibi? Kwa nini?"

"Menya, mwanangu."

"Nimemaliza kumenya." Msichana akasimama, akajifuta mikono kwenye sketi yake ya shule, juu ya kiraka kikubwa cha mbele. "Na shuleni sirudi. Mtihani wa kidato cha pili wafanye wenye majina."

Akaingia ndani. Bibi Epifania akabaki na muhogo mkononi.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ile mtoto alipozaliwa. Bintiye, Apoline, aliyeolewa Kasulu, alizaa kwanza mvulana, mtoto akafa kabla hajajua kukaa. Akazaa msichana, mzuri wa kupokezanwa mikononi kanisani, kila mtu akimsifia macho. Huyo naye akaondoka meno ndiyo kwanza yameota. Mimba ya tatu ilipoonekana, Epifania alifanya walivyofanya wanawake wa kwao tangu zamani. Mtoto anayekuja baada ya vifo haonyeshwi kwamba anapendwa. Hupewa jina la kukataliwa, huvikwa vitambaa vibovu, hupelekwa kulelewa nyumba nyingine. Kifo kikipita kutafuta kile watu wanachokithamini, kimwone hafai, kipite zake.

Na kulikuwa na sharti moja zaidi, zito kuliko mengine yote: mtoto mwenyewe haambiwi. Mtoto anayejua kuwa anapendwa hutembea hivyo, hucheka hivyo, na hilo huonekana kutoka mbali.

Epifania alikuwa mama wa kanisa. Alikuwa akiimba kwaya, na padri alishawahi kuhubiri kwamba mambo hayo ni giza. Alikubaliana naye kabisa, kisha akarudi nyumbani akaendelea kunyamaza. Alimwamini Mungu, lakini kifo nacho alikwisha kukiona kikiingia kwa Apoline bila kubisha hodi, tena kwa kurudia.

Jioni watoto wa shule wakapita njiani wakitoka kucheza mpira.

"Oya, An-lavu! Kesho unakuja au umeshaozwa?"

"Nani atamuoa? Si hana wa kumpenda!"

Wakacheka wote. Bibi hakulijua neno lile, lakini kicheko hakihitaji kufasiriwa.

Kesho yake mchana alikuja mwalimu. Bibi aliusikia mlio wa pikipiki ukikatika mbali, kule kwenye migomba ya jirani, kisha akamwona kijana mmoja anaikokota kwa mikono, jasho linamtiririka. Kwanza alidhani imeharibika. Kisha akaelewa: kijana alikuwa ameuona muhogo ulioanikwa kando ya njia, akazima chombo chake ili asiutimulie vumbi. Mtu wa namna hiyo, bibi alisema moyoni, hata akija na habari mbaya apewe kiti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Naitwa Mwalimu Nkunzimana. Namfundisha Ntamukunzi Kiingereza." Aliketi, akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyemharibia."

"Umempiga?"

"Bora ningempiga, Mama."

Akaeleza. Alikuwa anafundisha maneno ya Kiingereza yanayokanushwa. "Unachukua neno, Mama, unalibandikia kipande kidogo mbele. Neno lenyewe huligusi. *Happy* ni mtu mwenye furaha. Ukibandika *un* mbele yake, *unhappy*, hana furaha tena. *Kind* ni mwema, *unkind* si mwema. Watoto wamenikodolea macho tu. Mtihani uko mlangoni, nikaona nitumie njia ya nyumbani. Nikawaambia, jamani, kitu hiki mbona mnacho? Nasi si tunasema *nta* kuonyesha kitu hakipo? Nitajieni majina ya kwetu yanayoanza na *nta*."

Bibi alishalijua lililofuata. Akafumba macho.

"Darasa zima likapiga kelele, Ntamukunzi! Wakafurahi, kwa kuwa wameelewa. Na mimi nikafurahi, kwa kuwa wameelewa. Chaki ilikuwa mkononi. Nikaandika ubaoni *unloved*, asiyependwa. Nilipogeuka nikamwona yeye hacheki. Nikafuta. Lakini ubao ndio uliofutika."

Bibi akafumbua macho.

"Wewe kwenu wapi, Mwalimu?"

"Heru Juu, Kasulu."

"Ndiyo maana," bibi akasema taratibu. "Mwalimu wa kutoka Tanga asingejua. Lile jina lingempita sikioni kama jina tu. Limetuumiza kwa sababu umetoka kwetu."

"Ndivyo, Mama."

"Sisemi kukulaumu. Umezima pikipiki kwa ajili ya muhogo wangu."

Mlango ulifunguka, Ntamukunzi akatoka. Alikuwa amesikiliza yote.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwalimu hukukosea. Ulitafsiri sawasawa."

"Ntamukunzi, huyu ni mgeni," bibi akaonya.

"Namheshimu, Bibi. Ndiyo maana namwambia ukweli." Akaufunga mlango nyuma yake. "Wenzangu waliishia kwenye jina. Mimi nikaanza kujihesabia mengine. Wadogo zangu, Arielle na Cadet, wanaishi na mama Kasulu. Mimi nilitolewa huko bado nanyonya. Arielle akienda kanisani anashonewa gauni. Mama ni fundi cherehani, watu wanatoka Makere na wapi kumfuata, lakini mimi kila nguo anayoniletea ina kiraka. Kila nguo! Nikienda kumtembelea hainuki kwenye kiti. Anamwambia Bibi, 'Umekuja na huyu mchafu.' Nilidhani ni utani wake." Akamgeukia mwalimu. "Wewe jina lako ni zuri. Nkunzimana, unampenda Mungu. Langu nalo ni la kweli. Limenieleza tu nilichokuwa nakiona."

Mwalimu aliikunjakunja kofia. "Rudi shule, Ntamukunzi. Kiti chako cha mbele nimewakataza kukikalia."

"Nitaenda kwanza kwa mama. Nimuulize, anijibu kwa mdomo wake. Akisema ndivyo, basi sina haja ya kusoma. Nimsomee nani?"

Bibi Epifania alisikia maneno hayo ya mwisho yakimwingia mbavuni. Alipokuwa akimsindikiza mwalimu hadi kwenye migomba alimwambia kitu kimoja tu: "Usikiondoe kile kiti."

Jumamosi wakapanda basi la asubuhi, bibi na mjukuu, na kikapu cha maharage mabichi. Sehemu kubwa ya njia ya Kasulu siku hizi ina lami, gari linateleza, na bibi aliomba kimya kimya liharibike. Halikuharibika. Msichana alitazama dirishani njia yote. Alikuwa amevaa sketi ya shule, ingawa haikuwa siku ya shule. Mara moja tu alinyoosha mkono akaifunga vizuri khanga ya bibi yake begani, kwa sababu upepo ulikuwa unaingia, kisha akarudi kutazama nje.

Apoline alikuwa barazani kwake nyuma ya soko, anakanyaga cherehani. Arielle aliwaona kwanza, akaja mbio akamrukia dada yake shingoni. Apoline akainua macho. Bibi Epifania, aliyemzaa na kumjua, aliliona lile jambo analoliona kila safari: uso wa bintiye uliwaka kama taa, kisha ukazimwa kwa haraka.

"Mama, shikamoo. Karibu. Mbona hamkupiga simu?" Hakuinuka. "Na umekuja tena na huyu mchafu."

"Shikamoo, Mama," Ntamukunzi akasema.

"Hmm. Arielle, nenda kamtafute Cadet sokoni."

Mikono ya Apoline ilikuwa inavuta kitambaa kutoka kwenye cherehani, inakikunja, inakificha chini ya meza. Lakini msichana alikuwa ameshakiona. Akainama, akakichukua. Ilikuwa sketi ya shule ya bluu, mpya, alama za chaki bado zimo.

"Hii ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja ana kiuno changu?" Akaipima mwilini. Ilimkaa barabara. Na mbele, mahali pale pale kama kwenye ile aliyovaa, kulikuwa na kiraka kilichoshonwa nusu, sindano imesimama ndani ya kitambaa.

Ntamukunzi akaigeuza sketi ndani nje. Akapitisha kidole mahali pa kiraka. Akapitisha tena.

"Hapa hapajatoboka."

Akamtazama mama yake.

"Mama, unaweka kiraka cha nini, na hapajatoboka?"

"Weka chini kazi za watu," Apoline akasema, akinyoosha mkono kuichukua.

Msichana akautupia macho wembe wa kufumulia nyuzi pale kwenye meza ya cherehani, akauchukua. Akaketi kizingitini, akaivuta mbele ile sketi aliyovaa, akaanza kukata uzi mmoja mmoja. Kiraka kikalegea upande, kikaning'inia. Chini yake kitambaa kilikuwa kizima, na cha bluu iliyokolea, kama kilivyokuwa siku kilipotoka dukani. Sketi nzima ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni. Hapo tu palikuwa papya.

"Usitoe!" Apoline akapiga ukelele, na ulikuwa ukelele wa hofu, jirani mmoja akachungulia. "Mama, mwambie asitoe! Mtaniulia mtoto!"

Hapo ndipo bibi Epifania alipoketi kizingitini kando ya mjukuu wake, akaweka kikapu chini. Miaka yote ile alikuwa ameubeba ulimi wake kama mtu anayebeba yai. Akamtazama msichana, akaona uso umekonda kwa siku chache tu, akaona kwamba kuna namna nyingine ya kumpoteza mtoto, akiwa mzima, anapumua, amekaa karibu nawe.

Akasema yote. Yule mvulana, na yule msichana wa macho yaliyosifiwa. Jina. Kulelewa Murungu. Alisema kwa sauti ya chini, karibu na sikio, kama mtu anayehofia mpita njia. Apoline alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa kipya.

Ntamukunzi alisikiliza bila kupepesa.

"Viraka vyote?" akauliza.

"Vyote," Apoline akajibu ndani ya kitambaa.

"Hata gauni la komunio ya kwanza? Lile lilikuwa limeungua. Niliona."

"Hilo niliunguza mimi kwa pasi. Lilikuwa limetoka zuri mno, nikaogopa. Nililia pasi ikiwa mkononi."

"Na Arielle? Na Cadet? Mbona wao hamkuwafanya hivi?"

"Wewe ulipobaki hai," bibi akasema, "tukaona kimetuacha. Wao tukawapa majina tuliyoyapenda."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewapisha wao wapendwe."

"Ndiyo, mwanangu," bibi akasema.

"Mngeniambia."

"Ungejua, ungeonekana."

"Bibi, mimi nilikuwa naona watoto wengine wanakumbatiwa! Hamkuliwaza hilo? Mlikidanganya kifo, na mimi mkanidanganya humo humo." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Bibi hakumwambia anyamaze. Alijua kwamba msichana ana haki ya kila tone.

Baada ya kitambo Ntamukunzi akasimama mbele ya mama yake, mikono imening'inia, kiraka kimening'inia. Hakusema anachokitaka, lakini kilionekana wazi. Apoline alinyanyua mikono. Kisha akatazama barabarani, kule watu wanakopita, na mikono ikasimama hewani. Akashindwa. Bibi aliona jinsi alivyoshindwa, na moyo ukamuuma kwa wote wawili.

Kisha Apoline akateremka kwenye kiti. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akachomoa sindano kutoka kwenye ile sketi mpya, akakishika kiraka kilicholegea na kuanza kukishona upya, msichana akiwa ameivaa. Alishona polepole, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya sketi, kati ya sindano na paja la mtoto, ili ikikosea njia imchome yeye. Ilimchoma. Hakuutoa mkono. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea tumbo la Ntamukunzi, na mpita njia asingeona kitu, isipokuwa fundi na mteja wake.

Msichana alisimama wima, hajitikisi. Kisha akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kichwa cha mama yake.

"Kaza uzi," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Jumatatu naenda nayo shule."

Na alikwenda. Bibi Epifania alisimama uani akasikiliza njia yote aliyoweza kusikia.

"An-lavu huyo! Umefufuka?"

"Nimefufuka. Na wewe nirudishie daftari la hesabu ulilochukua, maana hata kujumlisha bado hujui!"

Wakamcheka yule mwingine. Jina halikuisha siku hiyo, wala wiki hiyo. Kuna jioni alirudi macho mekundu, akaketi kumenya muhogo bila kusema, akimwachia bibi ile laini. Na kuna siku alimwangalia bibi yake kwa jicho refu, la mtu ambaye bado hajasamehe yote. Bibi alilipokea jicho hilo. Alikuwa na subira.

Kilichomnyima raha ni kingine. Mvua zikaanza, baridi ya milimani ikashuka, na asubuhi moja, akiwa anapepeta maharage uani, akasikia kikohozi kutoka jikoni. Kimoja. Kisha kingine, kirefu.

Ungo ukatulia mikononi. Bibi alikuwa ameshasema. Kwa mdomo wake mwenyewe, mchana, barazani kwa watu, alisema kwamba mtoto anapendwa. Akatazama njia, hakukuwa na mtu. Akatazama migomba. Alijua padri angesema nini, na aliyasema hayo pia kwa haraka, Baba Yetu mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa bado aliogopa, akapaza sauti ili imfikie yeyote anayepita, anayeonekana na asiyeonekana.

"Katoto gani haka ka ovyo! Kananikoholea kwenye chakula! Kamekaa tu hapa, hakuna hata anayekataka!"

Jikoni pakawa kimya. Bibi akageukia mlango wa jikoni. Akawaza, nimemwumiza tena.

Kisha ikaja sauti ya Ntamukunzi, iliyokwama kwa mafua, na ndani yake mlikuwa na kicheko.

"Nipo, Bibi! Katoto kako ka ovyo kapo! Uji tayari, unakuja kunywa, au tukimwagie kile kinachopita?"

"Usikitaje!" bibi akafoka, akajiziba mdomo kwa khanga, hajui kama analia au anacheka. Akauweka ungo chini, akaingia jikoni kumpima mtoto joto la paji la uso.